WILLIAM HERSCHEL: MPIGA ZUMARI ALIYETAKA KUYAOKOA MACHO YAKE, AKATUACHIA KAMERA YA JOTO

Leo naomba tuweke pembeni siasa na bei ya mafuta, tumzungumzie marehemu mmoja ambaye wengi wetu tumefaidi kazi yake bila kulijua jina lake. Kuanzia mwaka 2020, kipindi kile cha Korona, karibu kila aliyeingia benki, hospitali au supamaketi alielekezewa kibastola kwenye paji la uso, namba ikasoma 36 na ushee, akaruhusiwa kupita. Viwanja vya ndege navyo viliweka kamera zinazowaonyesha abiria kwenye skrini wakiwa wamegeuka rangi rangi, nyekundu, njano na bluu. Haikuchukua muda zikazuka stori mitandaoni kwamba vile vibastola vinapiga mionzi inayoharibu ubongo na macho, watu wakaanza kutoa mkono badala ya uso.

Ukweli ni kwamba kibastola kile hakipigi joto lolote kwenye uso wa mtu. Kinapokea tu joto ambalo mwili wenyewe unalitoa. Na mtu wa kwanza kutuonyesha kwamba lipo joto linalosafiri kama mwanga lakini jicho haliwezi kuliona ni mzee anayeitwa William Herschel, mwaka 1800. Utamu wa stori ni kwamba alifika huko akitafuta namna ya kulitazama jua bila kuyaumiza macho yake. Leo hii kamera zinazotokana na ugunduzi wake zinatumika kupima afya ya macho yetu, na wakati huohuo kuna jambo alilolijua yeye zaidi ya miaka 220 iliyopita ambalo sisi bado tunalichezea, na linaweza kumwachia mtu ulemavu wa kuona. Mimi si daktari, ni kijana niliyemaliza kidato cha sita na ninayependa kusoma, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha yetu ya kawaida.

Jamaa alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 mjini Hanover, ambako leo ni Ujerumani. Jina lake la kwao lilikuwa Friedrich Wilhelm. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga muziki kwenye bendi ya jeshi, akipuliza obo, ambayo ukiitazama ni ndugu wa zumari letu. Familia ilikuwa kubwa, watoto kumi walizaliwa na sio wote waliokua. Pesa haikuwepo lakini muziki ulikuwepo, na mzee Isaac alipenda pia kuwaonyesha watoto nyota. William akiwa na miaka 14 tu akaingia bendi ileile ya baba yake.

Mwaka 1757 vita vikawakuta. Majeshi ya Ufaransa yaliwapiga watu wa Hanover kwenye mapigano ya Hastenbeck, kisha yakaukalia mji wao. Baba akaona kijana wake hana sababu ya kufia vitani na zumari mkononi, akamtoa. William na kaka yake Jakob wakavuka bahari kwenda Uingereza. Isiwashangaze kwamba walichagua huko, kwani enzi hizo mtawala wa Hanover ndiye huyohuyo aliyekuwa Mfalme wa Uingereza.

Basi bwana, maisha ya ugenini ni yaleyale karne zote. Kijana wa miaka 18, Kiingereza cha kuokoteza, mfukoni hamna kitu. Alianza kwa kunakili karatasi za muziki jijini London, kisha akahangaika miji ya kaskazini akifundisha watoto wa matajiri na kupiga kwenye matamasha. Alipiga fidla, obo na kinanda, na alitunga simfoni 24. Mwaka 1766 akapata ajira ya kupiga kinanda cha kanisa la Octagon katika mji wa Bath, mji wa starehe ambao watu wenye fedha walikwenda kuoga maji ya moto ya chemchemi. Hapo ndipo mambo yakamnyookea.

Mwaka 1772 akamfuata mdogo wake wa kike, Caroline, akamtoa Hanover na kumleta Bath. Naomba mliweke jina hili kichwani. Caroline aliugua homa kali ya tifasi akiwa na miaka kumi, akadumaa, urefu wake haukuzidi futi 4 na inchi 3, na jicho lake la kushoto likaathirika. Mama yao alishajiamulia kwamba binti wa namna hiyo hataolewa, abaki nyumbani kuosha vyombo na kushona soksi. Kaka yake akamfundisha kuimba, Kiingereza na hesabu. Kwa miaka mingi iliyofuata, huyu mama mfupi ndiye aliyekuwa akiandika kila kitu ambacho kaka yake alikiona angani.

Kuhusu anga, William aliingia kwa mlango wa muziki. Alisoma vitabu vya nadharia ya sauti, vikampeleka kwenye hesabu, hesabu zikampeleka kwenye elimu ya mwanga, na mwanga ukampeleka kwenye darubini. Kwa kuwa darubini nzuri zilikuwa bei mbaya, akaamua kutengeneza mwenyewe. Aliyeyusha shaba na bati nyumbani, akamimina kwenye kalibu iliyotengenezwa kwa kinyesi cha farasi kilichopondwa, halafu akakisugua kile chuma mpaka kikawa kioo cha kujitazamia. Ukianza kung'arisha huachi njiani, maana uso wa kioo unaharibika. Kuna siku alikaa saa 16 bila kuondoa mikono, Caroline akimlisha matonge mdomoni kama mtoto na kumsomea hadithi asichoke. Siku nyingine tanuru lilipasuka, chuma cha moto kikamwagika kwenye sakafu ya mawe, mawe yakaruka huku na huku, watu wakatoka mbio. Hiyo ilikuwa nyumba ya mwalimu wa muziki!

Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, kwenye bustani ya nyumba yake ya mtaa wa New King Street hapo Bath, aliona kitu ambacho hakikuwa nukta kama nyota nyingine. Kilikuwa na umbo la duara dogo, na baada ya siku kadhaa kikawa kimehama. Yeye alikitangaza kama nyota mkia. Wataalamu wa hesabu wakapiga mahesabu ya njia yake wakakuta ni sayari, iko mbali kuliko Zohali. Tangu enzi za kale watu walijua Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, basi. Huyu mpiga kinanda ndiye mtu wa kwanza katika historia iliyoandikwa kugundua sayari mpya. Alitaka iitwe kwa jina la Mfalme George wa Tatu, lakini dunia ikachagua Uranus.

Mfalme hakuwa mtu wa kusahau heshima kama hiyo. Mwaka 1782 akampa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka, kazi yake iwe anga tu, ila akae karibu na kasri la Windsor ili familia ya kifalme ikitaka kuangalia nyota awepo. Kifedha ilikuwa hasara, muziki ulikuwa unamlipa zaidi, ndiyo maana aliendelea kutengeneza darubini na kuziuza. Caroline naye akaanza kulipwa pauni 50 kwa mwaka kuanzia 1787, mwanamke wa kwanza Uingereza kulipwa mshahara kwa kazi ya sayansi. Yeye peke yake aligundua nyota mkia nane kati ya mwaka 1786 na 1797. Yule aliyeandikiwa kuosha vyombo!

Huko Slough, mji walikohamia, Herschel alijenga darubini ya futi 40, yaani mita 12, yenye kioo cha upana wa sentimita 120. Serikali ya mfalme ilitoa pauni 4,000. Kabla bomba lake halijasimamishwa, mfalme na wageni wake walitembea ndani yake. Ilikamilika mwaka 1789 na kwa miaka mingi haikuwepo kubwa kuliko hiyo duniani. Kwa darubini zake aliona miezi miwili ya Uranus mwaka 1787 na mingine miwili ya Zohali mwaka 1789.

Sasa tuje kwenye macho, ndipo ninapotaka kuwafikisha.

Kwa mtu wa kazi ile jicho ndilo jembe. Herschel alilitunza kuliko wengi wa zama zake. Usiku alikaa kwanza gizani mpaka macho yazoee, na hakupenda taa imsogelee, ndiyo maana alimsomea Caroline alichokiona naye akaandika kwa mwanga wa mshumaa akiwa mbali kidogo. Lakini alipoanza kulichunguza jua kwa bidii, kuzoea giza hakukusaidia kitu. Jua likipita kwenye darubini kubwa linakusanywa sehemu moja. Kama utotoni uliwahi kuchoma karatasi kwa lenzi, unajua ninachozungumzia. Weka jicho pale na mchezo umekwisha.

Kinga ya siku zile ilikuwa vioo vya rangi, unaviweka mbele ya jicho ili jua lififie. Herschel alijaribu vya rangi mbalimbali na akagundua jambo lililomsumbua. Kulikuwa na vioo vilivyofanya jua lionekane hafifu kabisa, lakini jicho likahisi joto. Vingine vilipitisha mwanga mwingi na joto likawa dogo. Kwa akili ya kawaida giza likiongezeka na joto lingepungua. Haikuwa hivyo. Mwingine angechagua kioo kinachomfaa akaendelea na safari. Yeye akajiuliza kama kila rangi ya mwanga inabeba kiasi tofauti cha joto.

Mwaka 1800, akiwa na miaka 61, akafanya jaribio ambalo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kulirudia. Alichukua prizimu, ule mche wa kioo unaopasua mwanga wa jua kuwa rangi za upinde wa mvua, akazielekeza rangi zile juu ya meza. Akaweka vipimajoto vyenye chungu zilizopakwa rangi nyeusi ili vinyonye joto vizuri. Kimoja kinakaa ndani ya rangi, vingine pembeni kwa ajili ya kulinganisha. Kwenye zambarau joto lilipanda nyuzi 2 za Farenhaiti. Kwenye kijani, nyuzi 3 na robo. Kwenye nyekundu, karibu 7. Mpaka hapo ameshapata jibu la swali lake.

Kilichofuata ndicho kilichobadilisha dunia. Akasogeza kipimajoto nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo mezani hapaonekani mwanga wowote. Kikapanda! Akasogeza tena, bado kikapanda, hata inchi moja na nusu kutoka mwisho wa nyekundu joto lilikuwepo. Akahitimisha kwamba kilele cha joto la jua kiko nje ya kile ambacho jicho linakiona. Yaani kuna miale inayotoka kwenye jua, inapinda ndani ya kioo kama mwanga, na sisi hatuioni. Matokeo hayo aliyawasilisha kwa Jumuiya ya Kifalme ya Uingereza mwaka huohuo. Kisha akajaribu joto la moto wa jiko na la mishumaa, akakuta nalo linaakisiwa na vioo kama linavyofanya la jua. Jina la infraredi, maana yake chini ya nyekundu, lilikuja miaka mingi baadaye.

Sio wote waliompokea. Mwanasayansi wa Scotland, John Leslie, alimpinga kwa nguvu na kudai vipimo vyake vimeathiriwa na hewa ya moto. Wengine walirudia jaribio wakapata kilekile. Na Herschel naye hakuwa malaika. Baada ya majaribio yote akaamua kwamba mwanga na joto hilo ni vitu viwili tofauti, kumbe ni jamii moja, kinachotofautiana ni urefu wa mawimbi. Aliamini pia kwamba jua chini ya ule ukungu wake wa moto lina ardhi na wakazi, na mwaka 1801 alijaribu kuhusisha madoa ya jua na bei ya ngano sokoni, watu wakamcheka. Nayasema haya kwa sababu tunapenda kuwafanya wavumbuzi watakatifu. Mzee alikosea mengi, ila kipimajoto chake alikiamini hata kilipompeleka asikotegemea.

Na macho yake? Mwaka 1801 alipata kinga iliyomridhisha. Alichanganya wino na maji, akachuja kwa karatasi, akaupitisha mwanga wa jua kwenye maji hayo, jua likaonekana jeupe na lenye kutazamika. Tafadhali usijaribu nyumbani, nitaeleza kwa nini.

Herschel alimuoa mjane aliyeitwa Mary Pitt mwaka 1788, wakapata mtoto mmoja, John, mwaka 1792. Mwaka 1816 alipewa heshima ya kuitwa Sir, na mwaka 1821 akawa rais wa kwanza wa Jumuiya ya Wanaanga ya London. Alifariki tarehe 25 Agosti 1822 nyumbani kwake Slough akiwa na miaka 83, akazikwa kanisa la Mtakatifu Laurence, Upton. Sayari aliyoigundua huchukua miaka 84 kulizunguka jua mara moja, kwa hiyo umri wake ulikaribia sana mzunguko mmoja wa Uranus. Caroline alirudi Hanover, akatunukiwa medali ya dhahabu ya wanaanga mwaka 1828, akaishi mpaka Januari 1848, miaka 97. Wale waliomkatia tamaa walishakufa zamani.

Mtoto John ndiye aliyepiga hatua ya pili. Huyu aliwahi kuishi Afrika, kule Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, kuanzia 1834 hadi 1838 akichora ramani ya nyota za kusini. Mwaka 1840 alichukua karatasi iliyopakwa masizi, akailowesha pombe kali, akaielekezea miale ya jua. Mahali palipopata joto zaidi pombe ilikauka haraka, pakabaki alama. Hiyo ndiyo picha ya joto ya mwanzo kabisa. Baba alilipima joto lisiloonekana, mtoto akalichora. Na huyuhuyu John aliandika wazo la kuweka kikombe chembamba cha kioo chenye utelezi juu ya jicho lenye uso usio sawa ili mtu aone vizuri. Wanaovaa lenzi za ndani ya macho leo wajue wazo limetoka mbali.

Kutoka karatasi ya masizi mpaka kamera ilichukua muda. Mnamo 1880 Mmarekani Samuel Langley alitengeneza kifaa cha kupima joto dogo sana kwa umeme, kikaitwa bolometa. Karne ya 20 majeshi yakaichukua teknolojia ya infraredi ili kuona adui usiku, baadaye ikaingia hospitali. Mwaka 1968 daktari Mapstone wa Uingereza alichapisha vipimo vya joto la uso wa jicho akitumia bolometa, bila kuligusa jicho. Kabla ya hapo ukitaka kujua joto la jicho ulilazimika kuligusa kwa kifaa, na jicho likiguswa linatoa machozi, joto linabadilika, unapima uongo.

Sasa kamera inaona nini? Konea, ile sehemu ya mbele ya jicho iliyo angavu kama kioo cha saa, haina mishipa ya damu. Ndiyo maana ni ya baridi kuliko mwili, kwa kawaida kama nyuzi 34 hivi za Selsiasi, na katikati yake ni baridi kuliko pembeni kwenye mishipa. Ukifumbua macho baada ya kupepesa, machozi yanaanza kukauka na uso wa jicho unapoa kidogo kidogo. Kwa watu wengi wenye ugonjwa wa macho makavu, machozi yanakauka upesi, na kamera inaonyesha jicho linapoa haraka kuliko la mtu mzima. Jicho lenye uvimbe au maambukizi damu hukimbilia hapo, linaonekana la moto kuliko mwenzake. Na mshipa mkubwa wa shingoni ukiziba upande mmoja, jicho la upande huo linaweza kuwa la baridi. Ona hapo, unapiga picha jicho unapata fununu ya tatizo la shingoni! Ile kona ya ndani ya jicho, karibu na pua, ndiyo pia kamera za viwanja vya ndege zinapotakiwa kupima homa, kwa sababu damu iko karibu na ngozi na joto lake linakaribia la mwili.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba haigusi, haiumi, haitumi chochote kwenye jicho. Hata mtoto mchanga anaweza kupimwa. Kwa hiyo zile stori za kuharibu macho hazina mguu. Kibastola kingine huwa na nukta nyekundu ya kulenga, hiyo ni leza na haifai kuelekezwa machoni, lakini ni kitu tofauti na upimaji wenyewe.

Ila tusipelekwe na ushabiki wa mashine. Miale ya joto la mwili haipiti kwenye konea wala kwenye miwani, kwa hiyo kamera inaona uso wa jicho tu. Mtoto wa jicho haioni. Presha ya macho haiipimi, wala retina kule nyuma haifikii. Tena mgonjwa akitoka juani au akikaa chini ya feni, picha inadanganya, inabidi atulie kwanza kwenye chumba chenye joto lisilobadilikabadilika. Madaktari wanaitumia zaidi kwenye utafiti na kama msaada, haichukui nafasi ya kuchunguzwa kwa taa na vifaa vya kliniki ya macho. Akija mtu mtaani na kamera ya rangi rangi akakwambia anatibu presha ya macho kwa picha moja, shika pochi yako.

Namalizia na lile jambo nililosema tunalichezea. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa hapa kwetu Tanzania, likabaki kama pete, na watu walijaa Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kushuhudia. Waliokuwa na miwani maalumu waliangalia vizuri. Lakini kila kupatwa kwa jua kunapotajwa, utasikia watu wanashauriana kutumia filamu za x-ray, CD, vioo vilivyofukizwa moshi, miwani ya urembo iliyorundikwa miwili miwili. Wanachopima ni giza. Wakiona jua limefifia wanadhani wako salama. Ndugu zangu, hicho ndicho hasa Herschel alichokikuta kwenye vioo vyake. Kitu kinaweza kuzuia mwanga unaouona na kikaachia miale usiyoiona ipite mpaka ndani. Ndiyo maana nimesema ule wino wake usiuige.

Na ubaya wa retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Inaungua kimya kimya. Mtu anaweza kwenda zake nyumbani anacheka, kesho yake katikati ya kila anachotazama kuna doa. Anayemwangalia usoni hana pua, kitabu akisoma neno la katikati halipo. Kuna wanaopona kiasi, na kuna wanaobaki nalo maisha yao yote. Watoto ndio walio hatarini zaidi maana wao wakiambiwa kitu kinapita angani hawasubiri miwani.

Kupatwa kwa tarehe 2 Agosti 2027 njia yake kuu ni Afrika Kaskazini, Misri, Uarabuni, Yemen mpaka Somalia, na kwa Kenya na Tanzania ni kwa sehemu tu. Kwa sehemu maana yake jua halifunikwi lote, hakuna hata dakika moja salama ya kulitazama kwa macho makavu. Miwani inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye alama ya kiwango ISO 12312-2, isiyo na mchubuko wala tundu. Ukikosa, toboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu, lipe jua mgongo, acha mwanga upite kwenye tundu uangukie karatasi nyingine. Utaiona picha ya jua likimegwa, bila gharama. Hata chini ya mwembe zile nukta za mwanga zinazopenya kwenye majani zitageuka kuwa vijijua vidogo vilivyomegwa, waonyesheni watoto hivyo.

Wadau, stori ya mzee Herschel ndiyo hiyo. Madaktari na manesi wa macho mliomo humu, mtuongezee nyama hapo kwenye maoni, hasa kama kuna hospitali zetu ambako mmewahi kuitumia kamera ya joto kwa wagonjwa wa macho. Na aliyewahi kuangalia kupatwa kwa jua akapata shida ya kuona atueleze alisaidiwaje, wengine wajifunze.

Nawakilisha.